Historia ya kusawazisha pumzi za injini: kutoka zebaki hadi kompyuta

Leo tunaweka mambo ya programu pembeni kidogo, tunaingia gereji. Wale waliozoea kusoma hapa habari za seva na hifadhidata wasikimbie, kwa sababu tukifika katikati mtaona kwamba tunazungumzia jambo lile lile, ila limepakwa grisi.

Nina pikipiki ya mtumba ya silinda mbili, ya kunyunyizia petroli kwa kompyuta. Hapa Kinango pikipiki ya namna hiyo ni mgeni. Boda boda zote unazoziona sokoni, na zile zinazoshuka vilima vya Shimba kutoka Kwale zikiwa na magunia, ni za silinda moja na kabureta. Kwa hiyo injini yangu ilipoanza kutikisika ikiwa imesimama, na vioo vikawa havionyeshi kitu zaidi ya ukungu, fundi wa jirani alikuja, akasikiliza, akasema: "Mwanangu, hii ina mapafu mawili na kila moja linapumua kivyake."

Maneno hayo ni sahihi kabisa kiufundi. Na yalinifanya nianze kusoma: binadamu walianza lini kupima pumzi ya injini, na kwa nini hadi leo, pamoja na kompyuta zote hizi, kazi hiyo bado inamalizwa na mtu mwenye bisibisi?

Tatizo lenyewe

Tuanze na msingi, kwa wale wasiojua. Injini ya petroli ni pampu ya hewa. Pistoni ikishuka inafyonza hewa, petroli inachanganywa humo, plagi inapiga cheche, mchanganyiko unalipuka, pistoni inasukumwa. Ili petroli yote iungue sawasawa unahitaji kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Petroli ikizidi, moshi mweusi. Hewa ikizidi, injini inachemka na kukosa nguvu.

Unapozungusha mkono wa mafuta kwenye pikipiki humwagi petroli moja kwa moja. Unafungua mlango wa hewa. Katika pikipiki za kunyunyizia, mlango huo ni kisahani cha duara kinachozunguka ndani ya bomba, na bomba hilo pamoja na vifaa vyake huitwa throtobodi. Pikipiki nyingi za silinda mbili, tatu au nne zina throtobodi moja kwa kila silinda.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiwa barabarani milango imefunguka sana, na tofauti ndogo kati yake haionekani. Lakini injini ikiwa imesimama inanguruma tu, kila mlango umeacha upenyo mwembamba kama unywele. Mmoja ukiwa wazi kidogo tu kuliko mwenzake, silinda moja inapata hewa nyingi kuliko nyingine. Moja inavuta, nyingine inaburutwa. Injini inatikisika, petroli inapotea, na kwa miaka mingi fani na cheni zinalipia deni hilo.

Kusawazisha maana yake ni kuhakikisha silinda zote zinafyonza kwa nguvu sawa. Na nguvu ya kufyonza inapimwaje? Hapa historia inaturudisha nyuma karibu miaka 400.

Zebaki na mlima

Mwaka 1643, nchini Italia, kazi ya Evangelista Torricelli ilionyesha jambo la ajabu. Ukijaza zebaki kwenye bomba la kioo lililozibwa upande mmoja, ukaligeuza ndani ya bakuli la zebaki, zebaki haishuki yote. Inasimama kwenye urefu wa kama milimita 760. Kinachoishikilia ni uzito wa hewa inayokandamiza ile ya bakulini. Kumbe tunaishi chini ya bahari ya hewa, na bahari hiyo ina uzito unaoweza kupimwa kwa rula!

Miaka mitano baadaye, 1648, Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande na bomba la namna hiyo kwenye mlima Puy de Dôme huko Ufaransa. Alipofika juu zebaki ilikuwa imeshuka kama sentimeta 8. Ukipanda, hewa inapungua.

Sisi wa Pwani jaribio hilo tunalifanya kila tukipanda basi. Diani iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 tu ya lile la Diani. Wewe mwenyewe unaweza usihisi kitu, lakini injini inahisi, kama tutakavyoona.

Muhimu kwa leo ni hili: kuanzia Torricelli, shinikizo la hewa likawa na kipimo kinachoonekana kwa macho, nacho ni kimo cha kimiminika ndani ya bomba. Hadi leo vitabu vya ufundi wa pikipiki vinaandika nguvu ya kufyonza ya injini kwa milimita za zebaki.

Kabureta, mashine isiyo na kumbukumbu

Mwaka 1797 Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano mwingine, alichapisha utafiti kuhusu maji yanayopita kwenye bomba lililobanwa katikati. Panapobana, kasi inaongezeka na shinikizo linashuka. Karibu miaka mia moja baadaye, 1893, Mjerumani Wilhelm Maybach alipata hati miliki ya kabureta inayonyunyiza petroli. Hewa ikipita mahali palipobana inafyonza petroli kupitia kitundu kidogo. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezeka.

Hebu tuliangalie kama watu wa programu. Kabureta ni kompyuta isiyotumia umeme. Ingizo lake ni mwendo wa hewa, tokeo lake ni petroli, na programu yake imeandikwa kwa ukubwa wa vitundu vya shaba. Ukitaka kubadilisha programu unabadilisha kitundu. Fundi wa Kinango anaifungua chini ya mwarobaini, anaisafisha kwa petroli na waya mwembamba, anaifunga, na mteja anaondoka. Anaona kila kitu kwa macho yake. Kwa lugha yetu, kabureta ni programu huria.

Lakini kabureta haijui iko wapi. Ikiwekwa sawa Diani kisha pikipiki ikapandishwa Nairobi, hewa imekuwa nyepesi lakini petroli haipungui kwa kiwango kile kile. Ukipiga hesabu, mchanganyiko unazidi petroli kwa kama asilimia 10. Injini inakuwa nzito na plagi zinaingia masizi. Fundi wa zamani alilitatua hilo kwa kubadilisha kitundu au kugusa skrubu. Mashine yenyewe haikuwa na njia ya kujua.

Kabureta hizi ndizo zilizobeba Afrika Mashariki. Boda boda ilianza mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na ndipo lilipotoka jina lenyewe. Pikipiki ziliongezeka mno Kenya baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa zile zisizozidi sisi 250 mwaka 2008. Huku kwetu, ambako vijiji vimetawanyika na maji ni shida wakati wa kiangazi, pikipiki ya silinda moja ndiyo inayobeba mitungi ya maji, unga na mama mjamzito usiku. Na kwa sababu ni silinda moja, hakuna wa kusawazishwa naye. Ndiyo maana ufundi wa kusawazisha haukuwahi kuota mizizi hapa.

Nne kwa pamoja

Japani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1969 Honda ilianza kuuza CB750, pikipiki ya silinda nne iliyotikisa dunia. Ilikuwa na kabureta nne. Katika matoleo ya mwanzo, mkono wa mafuta ulivuta nyaya nne, kila kabureta na waya wake. Fikiria hapo: nyaya zinalegea, na hazilegei kwa kiasi sawa. Leo umesawazisha, baada ya safari kadhaa moja imechelewa kuamka. Haukupita muda mrefu Honda ikaziunganisha kabureta zote kwa mtaimbo mmoja, ili zifunguke kwa pamoja. Mwaka 1972 Kawasaki ikaja na Z1, nayo nne kwa nne.

Kuanzia hapo fundi wa pikipiki alihitaji chombo cha kupimia. Wa zamani walitumia masikio. Unaweka ncha ya mpira kwenye sikio na ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mlio wa kufyonza, unahamia inayofuata, unalinganisha. Sikio lililozoea hufanya maajabu. Lakini kwa silinda nne watu wengi walikimbilia mabomba manne ya zebaki yaliyosimama sambamba kwenye ubao. Unaunganisha kila bomba na silinda yake, unawasha injini, unazungusha skrubu hadi nguzo nne za zebaki zisimame kimo kimoja. Ni Torricelli yule yule, mara nne!

Zebaki ilikuwa kipimo kizuri lakini ni sumu. Dunia ililijua hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia vipimo vipya vya zebaki kuuzwa kwa wananchi wa kawaida, na Mkataba wa Minamata ukakubaliwa 2013 na kuanza kufanya kazi 2017. Watengenezaji wa vipimo wakahamia kwenye fito za chuma cha pua, vimiminika vya rangi, na sensa za umeme.

Kompyuta inaingia

Watu wengi wanafikiri kunyunyizia petroli ni teknolojia ya juzi. Sivyo, na Afrika Mashariki ilishuhudia mapema. Mbio za Safari Rally, zilizoanza 1953, zilikuwa kipimo kikali cha injini: joto, vumbi, matope na tofauti kubwa za mwinuko. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda mbili kati ya hizo, 1966 na 1967. Gari lake lilikuwa 404 ya aina ya Injection, yenye pampu ya Kugelfischer iliyonyunyiza petroli kwa nguvu ya injini yenyewe. Hakukuwa na kompyuta humo, ni chuma tupu kinachozunguka.

Upande wa umeme, kampuni ya Bendix ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa Electrojector mwaka 1957. Vifaa vya elektroniki vya wakati ule havikuweza kustahimili maisha ya ndani ya gari, na mradi ukafa. Bosch ya Ujerumani ilichukua hati miliki zake, na mwaka 1967 ikatoa D-Jetronic kwenye Volkswagen. Herufi D ni ya Druck, neno la Kijerumani la shinikizo. Kwa nini shinikizo? Kwa sababu mfumo huo ulipima nguvu ya kufyonza kwenye njia ya hewa, ukakadiria hewa iliyoingia, kisha ukaamua nozo ifunguke kwa muda gani. Yaani bomba la Torricelli liligeuzwa kuwa sensa, na sensa ikawekwa ndani ya gari.

Hapo injini ikapata kitu ambacho kabureta haikuwahi kuwa nacho: habari. Inajua hewa ni nzito au nyepesi. Inajua joto. Mwaka 1976 Bosch ikaongeza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, iliyoanza na Volvo zilizouzwa Marekani. Sasa mfumo unanyunyiza, unaonja moshi, unajirekebisha, mara nyingi kwa sekunde. Watu wa programu tunaliita hilo kitanzi kilichofungwa. Mwaka 1979 ikaja Motronic, na kompyuta moja ikashika petroli na cheche kwa pamoja.

Kwenye pikipiki, Kawasaki ndio walioanza kuuza ya kunyunyizia kwa umeme, Z1000 ya mwaka 1980. Honda ikafuata na CX500 Turbo mwaka 1982, BMW na K100 mwaka 1983. Lakini kabureta zilitawala hadi miaka ya 2000, sheria za moshi zilipobana. Ulaya iliweka Euro 3 kwa pikipiki mwaka 2006, Euro 4 mwaka 2016 na Euro 5 mwaka 2020.

Na kwetu je? Kulikuwa na kikwazo ambacho watu hawakitaji. Petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi, na risasi inaua sensa ya oksijeni. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kufuatia Azimio la Dakar la 2001. Kabla ya hapo, ungeleta pikipiki ya kisasa yenye sensa hiyo, na petroli ya kawaida ingeipofusha.

Kitu ambacho kompyuta haioni

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama kompyuta inajua shinikizo, joto na moshi, kwa nini milango miwili ya hewa bado inahitaji bisibisi?

Jibu liko kwenye idadi ya sensa. Katika pikipiki nyingi kama yangu, kuna sensa moja tu inayosoma mlango wa hewa umefunguka kiasi gani, na imefungwa kwenye ncha moja ya mtaimbo. Kompyuta inasoma namba hiyo na kuamini kwamba milango yote miwili iko hapo. Mtaimbo ukichakaa, au masizi yakijikusanya zaidi upande mmoja, imani hiyo inakuwa ya uongo, na hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi. Programu haina kasoro hata moja. Inafanya kazi vizuri juu ya habari isiyo kamili. Nani kati yetu hajawahi kukesha na tatizo la namna hiyo kazini?

Kuna ndugu yake katika kompyuta. Mwaka 1978 Leslie Lamport aliandika makala maarufu kuhusu saa na mpangilio wa matukio katika mifumo ya kompyuta nyingi, na mwaka 1985 David Mills akaeleza itifaki ya NTP, ambayo bado inasawazisha saa za mashine kwenye intaneti. Funzo kubwa la kazi hizo ni kwamba mara nyingi huhitaji kujua ukweli kamili. Unahitaji kujua mnapishana kiasi gani.

Kipimo cha bei nafuu cha kusawazisha silinda mbili kinafanya hivyo hivyo, na unaweza kukitengeneza nyumbani. Mimi nilifanya hivi. Nilinunua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, mita 5 hivi. Nikaupigilia kwenye ubao kwa umbo la herufi U, nikatia mafuta ya gia hadi usawa wa katikati. Ncha moja ikaenda kwenye kitundu cha kupimia cha throtobodi ya kushoto, nyingine ya kulia. Basi.

Tazama hesabu yake ilivyo nzuri. Injini ikinguruma tu, kila silinda inafyonza kwa kama milimita 250 za zebaki. Mafuta ni mepesi kuliko zebaki mara 15 hivi. Kwa hiyo ungepima silinda moja peke yake, safu ya mafuta ingehitaji kupanda karibu mita 4, kimo cha paa! Lakini silinda mbili zikivuta ncha mbili za mpira mmoja, sehemu iliyo sawa inafutana, na kinachobaki ni tofauti. Tuseme tofauti ni milimita 10 za zebaki. Kwenye mafuta utaona kama sentimeta 15, hata bila miwani. Mafuta hupanda upande wa silinda inayofyonza zaidi.

Kwa hesabu hiyo hiyo mnaelewa onyo linalofuata: usichomoe ncha moja injini ikiwa imewashwa. Upande uliobaki utafyonza mafuta yote hadi ndani ya silinda. Na kazi hii ifanyike nje, palipo na upepo, kwa sababu moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu.

Utaratibu ni huu. Kwanza hakikisha nafasi za vali ziko sawa na chujio la hewa ni safi (kwa vumbi la huku, hilo si jambo la kuchukulia mzaha). Vali zikiwa na kasoro, unasawazisha uongo. Pili, injini ipate moto kama ya safarini. Tatu, ubane mpira kidogo karibu na kila ncha, kwa sababu pumzi ya silinda inakuja kwa mapigo na mafuta yataruka ruka. Kubana kunatoa wastani. Nne, tafuta skrubu iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na hiyo tu. Kuna skrubu ya kuunganisha milango miwili, na kuna skrubu za njia ndogo za hewa, moja kwa kila throtobodi. Ile ya kituo cha kufungia mlango, iliyopakwa rangi kiwandani, haiguswi. Tano, zungusha robo ya mzunguko, vuta mafuta kidogo, achia, subiri itulie, soma.

Fundi jirani alikuja kuangalia. Alishika mpira, akainama, akatazama mafuta yakipanda upande wa kushoto.

"Hii ndiyo kompyuta yenyewe?" akauliza.

"Hapana, mzee, kompyuta iko chini ya kiti. Hii ni mafuta ya gia."

"Basi nipe bisibisi."

Nikampa. Alizungusha kidogo kidogo, jicho kwenye ubao na sikio kwenye injini, na nguzo mbili za mafuta zikakaribiana hadi zikawa ngazi moja. Mtikisiko ukaisha na vioo vikaanza kuonyesha barabara. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuondoa tangi. Ndugu wasomaji, mtu huyu hakuwahi kugusa throtobodi maishani mwake, na hakuhitaji mafunzo ya wiki. Alihitaji kuona.

Funguo ni za nani?

Hapa ndipo historia hii inapotugusa mifukoni. India, zinakotoka Boxer na TVS nyingi za boda boda, ilianza kutekeleza kiwango cha moshi cha Bharat Stage VI tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki mpya za soko lake zikahamia karibu zote kwenye kunyunyizia kwa kompyuta. Zile za kazi zinazoletwa kwetu nyingi bado ni za kabureta. Bado. Mtu yeyote anaona upepo unavumia wapi. Na Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki za umeme, ambazo hazina kabureta wala nozo, ila zina programu kila kona.

Mimi sipingi. Injini ya kunyunyizia inakula petroli kidogo, inatoa moshi kidogo, inapanda hadi Nairobi bila kubadilishiwa kitundu. Lakini ina mahitaji yake. Pampu yake inasukuma petroli kwa shinikizo la karibu mara tatu ya hewa ya kawaida kupitia matundu madogo sana. Petroli ya chupa ya kando ya barabara, yenye vumbi na maji, itaziba nozo mapema. Na ikiziba, ule waya mwembamba wa chini ya mwarobaini hausaidii tena.

Kikubwa zaidi ni habari. Kabureta ilimwonyesha fundi kila kitu. Kompyuta ya injini inatunza orodha ya makosa yake, lakini kuisoma kunahitaji kifaa, na mara nyingi kila kampuni ina plagi yake na programu yake ya kulipia. Ufundi uliokuwa mikononi mwa watu wa Kinango unaweza kuhamia kwenye faili lililofungwa, na ufunguo ukawa Mombasa, au Pune, au Hamamatsu. Mama anayesubiri boda boda saa nane za usiku ili afike hospitali hajali petroli imepimwa na nini. Anachotaka ni kwamba ikiharibika leo, mtu wa hapa aweze kuitengeneza kesho asubuhi.

Kwa hiyo wito wangu ni kwetu sisi tunaoandika programu, si kwa mafundi. Wao wameshatimiza sehemu yao. Vifaa vya kusomea kompyuta za injini si uchawi, ni nyaya chache na itifaki inayoweza kusomwa. Simu iko mfukoni mwa kila fundi. Tunaweza kuandika programu ya kusoma makosa hayo na kuyaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka: sensa gani, iko wapi, ikaguliwe vipi kwa mita ya kawaida. Tunaweza kuandika miongozo kama huu, tukaiweka wazi. Torricelli hakuficha bomba lake, na ndiyo maana miaka karibu 400 baadaye wazo lake limefanya kazi kwenye ubao, kwa misumari na mafuta ya gia, huku Kinango.

Mwenye pikipiki ya silinda mbili Ukunda, Msambweni au kokote, ubao wangu upo na mpira upo. Njoo na mafuta yako ya gia. Hadi wakati mwingine, kazi njema.